Kona ya vitabu vya anga Malindi: fedha ziende wapi, na watu tuwavute vipi?

rafu520 (Malindi)

Assalamu alaykum wadau, na habari za jioni.

Maktaba yetu ya jamii hapa Malindi imepewa chumba cha mita 4 kwa 6 kiwe kona ya vitabu vya anga. Sababu haihitaji maelezo mengi: Ngomeni, palipokuwa pakirushwa setilaiti, ni jirani, na watoto wa shule hawachoki kuuliza ni nini kilichokuwa kikirushwa pale baharini. Hali ni hii: vitabu kama 300 vya msaada, vyote vya Kiingereza, vingi vya miaka ya 1980 na 1990. Kabati mbili za chuma zimeegemezwa ukutani. Kompyuta ni moja, intaneti ya kubahatisha, darubini hakuna. Fedha ni Sh 150,000 na hazitarudiwa.

Ninapokwama ni hapa. Kamati inataka nusu ya fedha ilipie majarida ya kisayansi ya nje, eti ndipo iwe maktaba kweli. Vitabu vya picha vimeanza kugandana kurasa na kunuka uvundo. Na bango la mlangoni limeandikwa KONA YA UNAJIMU, kwa hiyo nusu ya wanaoingia wanataka kupigiwa falaki. Tuanze wapi?

Bi_Mkutubi

Wa alaykum salaam. Hiyo nusu ya majarida izuie kabla haijatoka. Majarida makubwa ya astronomia siku hizi husomwa bure. Astrophysical Journal na Astronomical Journal ya Marekani yalifunguliwa Januari 2022, Astronomy & Astrophysics la Ulaya likafunguliwa mwaka huohuo, na Monthly Notices la Uingereza Januari 2024. Gharama zimehamia kwa waandishi na taasisi zao, msomaji hadaiwi kitu. Makala nyingi za zamani kidogo ziko arXiv, hazina ya bure mtandaoni, na zile kongwe zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa ziko ADS, hazina inayoendeshwa Harvard kwa fedha za NASA. Kamati ikibisha, waonyeshe hapohapo kwenye simu.

Kinachokosekana ni mtu wa kumfundisha msomaji kutafuta. ADS huipa kila makala alama ya tarakimu na herufi 19: mwaka, ufupisho wa jarida, juzuu, ukurasa, kisha herufi ya kwanza ya ukoo wa mwandishi. Mwenye alama hiyo huipata makala hata kwa intaneti ya kuchechemea. Chapisha maelezo hayo kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, uibandike juu ya kompyuta.

Kwa siku ambazo mtandao haupo, tengeneza kisanduku cha kusomea bila intaneti: Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya kiganjani), kadi ya GB 128, na programu ya Kiwix. Wikipedia ya Kiswahili ni ndogo na itaingia bila taabu. Ya Kiingereza iliyo kamili na picha zake imepita GB 100, itakula kadi nzima, basi chukua toleo lisilo na picha. Kinachoua visanduku hivi ni umeme kukatika ghafla kadi ikiwa inaandikwa. Kiunganishe kupitia pawabenki inayoweza kuchajiwa na kutoa umeme kwa wakati mmoja (si zote zinaweza, jaribu dukani), na uwe na kadi ya pili yenye nakala ileile ndani ya droo. Stellarium, programu ya kuonyesha anga, iweke kwenye kompyuta yenyewe; ikishawekwa haihitaji mtandao.

Kuhusu kuchuja, vitabu vya anga havizeeki kwa mwendo mmoja. Kinachohesabu sayari tisa ni cha kabla ya 24 Agosti 2006, Pluto ilipotolewa kwenye hesabu. Hicho usikitupe, kibandikie karatasi ya masahihisho jalada la ndani. Orodha za miezi ndizo zimeachwa mbali kabisa: vitabu vya mwanzo wa miaka ya 1990 huipa Zohali miezi isiyofika 20, na kufikia mwaka 2025 iliyotambuliwa ilikuwa 274. Vitabu vya namna hiyo viondoe kwenye rafu ya watoto. Ramani za nyota, kinyume chake, hudumu. Iliyochorwa kwa nafasi za mwaka 1950 imetofautiana na ya 2000 kwa nyuzi 0.7 hivi, na kwa macho matupu hutaona tofauti.

Lakini ramani za duara za kuzungusha zichunguze moja moja. Karibu zote zimetengenezewa watu wa latitudo ya 40 hadi 50 kaskazini. Malindi iko nyuzi 3 kusini ya ikweta: ile Nyota ya Kaskazini inayosifiwa kwenye kila ukurasa haichomozi kwetu hata siku moja, na Salibu, ule msalaba wa nyota unaong'aa juu ya bahari jioni za Mei, kwenye ramani hizo haumo. Mtoto akishika ramani ya hivyo usiku mmoja tu, hatarudi. Chapisha za kila mwezi kutoka Stellarium baada ya kuweka Malindi kuwa mahali pa kutazamia. Karatasi mbili zatosha, moja ya anga la kusini na moja la kaskazini.

chumvi_na_karatasi (Lamu)

Naingia kwenye uvundo, maana hapo ndipo makusanyo mengi ya Pwani hufia, na hakuna anayeutengea bajeti.

Ukungu huota kwenye karatasi unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa mfululizo. Hewa yetu hucheza kwenye 75 hadi 80. Kwa hiyo achana na viwango vya vitabu vya Ulaya vinavyotaka asilimia 50. Hutavifikia kwa Sh 150,000. Unachoweza kufanya ni kuizuia hewa isisimame. Nunua vipimaunyevu viwili vya dijitali, kisha vijaribu kabla ya kuviamini: weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, ilowanishe kwa matone machache iwe kama tope (isiyeyuke yote), kifungie pamoja na kipimo kwenye mfuko usiopitisha hewa, uache saa 12. Kipimo kizima kitasoma 75. Kikisoma 69, andika juu yake "ongeza 6" na maisha yaendelee.

Kabati zisogeze sentimita 10 kutoka ukutani. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka chini na kuyatolea ndani, na kitabu kilichogusana na mgongo wa kabati ndicho hushika ukungu kwanza. Rafu ya chini iwe sentimita 15 juu ya sakafu. Chuma kikikwaruzika rangi, chumvi ya hewani huingia na kutu hupaka majalada, basi piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, subiri siku chache harufu itoke ndipo urudishe vitabu. Feni moja ya kuzunguka ielekezwe kwenye njia iliyo kati ya kabati, usiielekeze kwenye vitabu. Madirisha fungua saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni, wakati hewa ni kavu kidogo, na ufunge kabla ya magharibi.

Sasa hizo kurasa zilizogandana. Vitabu vya picha za anga huchapwa kwenye karatasi ya kung'aa, iliyopakwa tabaka la udongo mweupe laini. Tabaka hilo likilowa kisha likakauka kurasa zikiwa zimebanana, huwa kama gundi, na hakuna kisu wala mvuke utakaozitenganisha salama. Zilizokwisha gandana ndizo zimekwenda. Kata picha zilizosalimika uzitumie kwenye mabango. Ila kitabu kitakacholowa kesho bado kina nafasi: kabla hakijaanza kukauka, ndani ya saa chache tu, pitisha karatasi ya nta kati ya kurasa, au kifunge kwenye plastiki na kukitia friza vilevile kibichi ukinunua muda.

Chenye ukungu mkavu kitoe nje, simama upepo ukiwa mgongoni kwako, vaa barakoa ya N95, ufagie kwa brashi laini kutoka kwenye mshono kwenda ukingoni. Usitumie kitambaa chenye maji wala jiki. Usikianike juani mchana kutwa pia. Jalada litapinda na rangi itapauka. Kivuli chenye upepo ndicho dawa.

Wadudu wanaotoboa karatasi huuawa kwa baridi: nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri, wiki mbili. Friza la samaki linafaa, ila funga kila kitabu kwenye mifuko miwili na ukamue hewa yote, la sivyo vitabu vitanuka changu. Ukikitoa, kiache ndani ya mfuko saa 24 kabla ya kuufungua, maana umande utatua juu ya plastiki badala ya kurasa. Na ujue baridi haiui ukungu, huulaza tu.

kipupwe

Kwa nini msinunue AC moja na kabati za vioo, mkafunga, mambo yakaisha?

chumvi_na_karatasi (Lamu)

Ndugu, AC inayowashwa mchana na kuzimwa jioni ni mbaya kuliko kukosa AC. Inapoza vitabu, ikizimwa, au umeme ukikatika, hewa ya bahari inaingia na kutona juu ya vitu baridi, sawa na gilasi ya maji ya barafu inavyotoa jasho. AC ya vitabu huwaka usiku na mchana au haiwekwi. Na kabati ya kioo iliyofungwa hushika unyevu wa vitabu vyenyewe ndani. Mkiwa nazo, toboeni matundu juu na chini, mziweke wavu wa mbu.

maji_mafu (Faza)

Kwenye kuwavuta watu, ushauri wangu ni kuanza na anga wanalolijua tayari. Mvuvi wa Malindi au wa Kizingitini hamhitaji mtu wa kumwambia mwezi unafanya nini na maji. Bango la kwanza la kona liwe hili: kwa nini bamvua, yale maji makubwa, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwa nini maji hujaa dakika 50 nyuma kila siku. Hesabu iko wazi: Dunia inapomaliza mzunguko mmoja, Mwezi nao umesogea mbele, kwa hiyo huchukua saa 24 na dakika 50 kurudi juu ya mahali palepale, na maji hujaa mara mbili ndani ya muda huo. Wekeni jedwali la maji la mwezi mzima, na kando ya kila siku umbo la Mwezi. Watu watakuja kuangalia jedwali, watakuta vitabu.

Pili, Kilimia, kile kishada cha nyota. Msemo kila mzee anao: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Onyesheni kwenye Stellarium jinsi kinavyopotelea kwenye mwanga wa machweo mwanzoni mwa Mei na kurudi alfajiri katikati ya Juni. Wakulima wataujadili wao wenyewe, nyinyi nyamazeni mwandike.

Tatu, siku isiyo na kivuli, ambayo haigharimu hata shilingi. Malindi, Jua hupita juu ya utosi kabisa mnamo 12 Machi na 1 Oktoba. Lamu ni 14 au 15 Machi na 28 Septemba. Tofauti ya siku moja huku na huku hutokea kwa mwaka. Simamisheni bomba lililonyooka la mita 1 kwa timazi. Hapa ndipo watu hukosea: wanangoja saa sita kamili. Saa zetu zimepangwa kwa longitudo ya 45, nasi tuko 40, hivyo Malindi kivuli hutoweka saa sita na dakika 29 mwezi Machi, na saa sita na dakika 9 mwezi Oktoba. Mkianza saa sita kasorobo na kuweka alama ya ncha ya kivuli kila dakika tano, watoto watauona wenyewe mstari ukikimbilia kwenye bomba.

Kwa wa Lamu wanaopeleka vifaa visiwani, ratiba ipangwe na maji kabla ya kupangwa na shule. Mtu husoma kitabuni kwamba usiku wa giza totoro ndio bora, akachagua mwezi mwandamo. Mwezi mwandamo ni bamvua, na wakati wa bamvua kwetu maji hutoka mpaka mwisho karibu saa nne usiku. Unamaliza onyesho Faza saa tatu, ukifika mkondo wa Mkanda mashua imekaa juu ya matope. Chagueni siku ya saba au ya nane ya mwezi: ni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, hujaa karibu saa nne usiku, Mwezi nusu uko juu tangu magharibi, na vivuli vya mashimo yake huonekana vizuri kuliko siku yoyote. Nyota hafifu mtazikosa, lakini umati wa watu 60 hauji kutazama nyota hafifu.

rafu520 (Malindi)

Ahsanteni mno. Kamati nimeitumia hayo ya majarida tayari. Yamebaki mawili: darubini tununue ipi, na ikiwezekana iazimwe watu waende nayo nyumbani? Na je, mwezi wa Ramadhani tujiingize au tukae mbali?

fundi_wa_vioo

Darubini ya kuazimisha isiwe kubwa wala ya miguu mitatu myembamba. Mpango wa kuazimisha darubini maktabani ulioanzia New Hampshire, Marekani, mwaka 2008 ulitumia ya kioo cha milimita 114 yenye fokasi ya 450, inayokaa juu ya meza. Fuateni vipimo hivyo, jina la kampuni si hoja. Walichokibadilisha ndicho cha kuiga: lenzi ya jicho ni moja tu, ya kuvuta kutoka milimita 24 hadi 8, iliyokazwa kwa skrubu isichomoke. Inakupa ukubwa wa mara 19 hadi 56, inatosha kwa miezi minne ya Mshtarii, mashimo ya Mwezi, na pete za Zohali kwa taabu kidogo. Vifuniko vyote vifungwe kwa kamba kwenye mwili wake. Skrubu za kurekebishia kioo zifunikwe, kwa sababu kila anayeazima huzizungusha. Kitaa chekundu cha kulengea kitarudi betri imekufa kila mara. Wekeni betri ya akiba ndani ya boksi.

Kwa maonyesho ya hadhara, darubini ya milimita 150, fokasi 1200, kwenye kiti cha mbao cha kuzungusha, ni nzuri zaidi. Lenzi ya 25 inakupa mara 48, ya 10 mara 120. Lakini isishuke ufukweni. Mchanga ukiingia kwenye kiti utasikia unasaga, na ukungu wa chumvi hula tabaka la alumini la kioo. Paa la nyumba au uwanja wa shule ni bora.

Kuhifadhi: boksi linalofunga kwa mpira, gramu 500 za silika jeli ya rangi ya machungwa ndani ya soksi. Ikigeuka kijani, ioke kwa nyuzi 120 saa mbili au tatu, itarudi. Ile ya bluu msinunue. Rangi yake ni ya kobalti, sumu, na mahali penye watoto haifai. Kioo kikichafuka kiacheni kwanza, vumbi halipunguzi sana picha. Kikizidi, osheni kwa maji ya kukeneka na tone la sabuni ya vyombo, pamba ikielea bila kukandamizwa. Maji ya kisima ya Lamu yana chumvi, yatawaachia madoa ya kudumu. Maji ya kukeneka huuzwa gereji kwa kuongezea betri, lakini someni lebo, maana kwenye rafu hiyohiyo huuzwa asidi ya betri kwenye chupa zinazofanana.

Na Jua: kila darubini inayotoka iwe na onyo kwa Kiswahili, herufi kubwa, pembeni mwa lenzi. Tarehe 2 Agosti 2027 kutakuwa na kupatwa kwa Jua. Njia ya giza kamili itapita Misri na ncha ya Somalia, huku kwetu sehemu tu ya Jua itafunikwa. Agizeni miwani ya kiwango cha ISO 12312-2 mwaka mmoja kabla. Iliyo sahihi ukiivaa ndani ya nyumba hutaona karibu kitu chochote. Wasioipata watumie kadi yenye tundu la milimita 2: picha ya Jua kwenye karatasi iliyo mita 2 mbali itakuwa na upana wa milimita 18. Filamu za eksirei na CD zikatazwe kabisa.

Bi_Mkutubi

La Ramadhani: ingieni, kwa mpaka mmoja. Maktaba isitangaze kuwa mwezi umeonekana au haukuonekana. Hiyo ni kazi ya wenye mamlaka ya dini, na mkiigusa mtapoteza msikiti mzima kwa jioni moja. Mnachotoa ni karatasi ya tarakimu, ipelekwe kwa imamu siku mbili kabla: saa ya Jua kuzama, saa ya Mwezi kuzama, umri wake tangu ulipokutana na Jua, utakavyokuwa juu kwa nyuzi ngapi na upande gani wa lilipozamia Jua. Ongezeni kwamba mwezi wa chini ya saa 15 hauonekani kwa macho matupu. Na mchoro uwe wa kwetu: vitabu vya Ulaya huuchora hilali ukiwa umesimama, ilhali ikweta huandama umelala kama mtumbwi.

Bango la unajimu liondoe leo. Kwenye masikio ya watu unajimu na falaki ni ramli, na hata "elimu ya nyota" wataiona ni kusafishiwa nyota. Andikeni SAYANSI YA ANGA. Kwenye rafu mtenganishe vivyo hivyo: Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu kwa namba, huweka utabiri wa nyota 133.5, mbali na 520 ya astronomia. Mbinu na vifaa 522, Mwezi 523.3, sayari 523.4, Jua 523.7, nyota 523.8, kalenda 529, vyombo vya anga 629.4. Usafiri wa baharini kwa nyota ni 527, na katika mji ambao Vasco da Gama alichukua rubani wake mwaka 1498, rafu hiyo iwe usawa wa macho hata kama ina vitabu vinne. Majina ya lebo yawe Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali, na ya Kiingereza chini kwa herufi ndogo ili mwanafunzi apate cha mtihani.

Sehemu moja ya chumba, hata mita moja ya rafu, iwe ya Ngomeni peke yake. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru, jukwaa la San Marco lililo baharini pale Ngomeni lilirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei pekee, nayo ikaitwa Uhuru. Orodha yake ya nne ina vyanzo 339, na Riccardo Giacconi aliyeongoza utafiti huo alipata Nobeli mwaka 2002. Makala zake ziko ADS bure, chapisheni. Picha na karatasi za familia zilizofanya kazi pale msiombe mpewe, ombeni kuzipiga skani: picha kwa dpi 600 kwenye TIFF, maandishi dpi 300, mrudishe siku hiyohiyo, na mwenyewe atie sahihi iwapo zinaweza kuonyeshwa hadharani au kusomwa chumbani tu. Picha za kung'aa msizirundike. Kila moja na bahasha yake ya karatasi isiyo na asidi, kwa sababu zile alizoeleza chumvi_na_karatasi zinazihusu pia.

maji_mafu (Faza)

Nyongeza kwa rafu520: bomba la siku ya kivuli lisiwe jepesi la plastiki. Machi kaskazi bado huvuma, na likiyumba nusu nyuzi tu kivuli hubaki karibu sentimita moja, watu wakaanza kusema hesabu imekosewa. Lichimbieni au lijazeni mchanga, na timazi ipimwe pande mbili.